Mng'ataji Mkuu wa Sarafu

Ilikuwapo nchi, na nchi hiyo haikuwa hii yetu. Hilo lieleweke mapema ili tusisumbuane na askari. Ilikuwa mbali sana, na zamani sana, enzi za bunduki za kushindilia baruti kwa kijiti, wakati sarafu zilifuliwa moja moja kwa nyundo na kila nyundo ilikuwa na mlinzi wake.

Katika nchi hiyo fedha haikuwa fedha mpaka ing'atwe. Mfalme wa kwanza, ambaye hakumwamini mtu, alipoletewa sarafu yake ya kwanza alimpa mpishi wake aing'ate, ajue kama ni fedha kweli au ameuziwa bati. Mpishi aling'ata, akasema ni fedha. Mfalme akaitazama, akaona alama za meno zimekaa vizuri chini ya kidevu cha picha yake kama mkufu, akapendezwa, akaamuru kila sarafu iwe nazo. Tangu siku hiyo ukoo wa yule mpishi uliacha kupika. Wakawa Wang'ataji Wakuu wa Sarafu, cheo cha kurithi, na sheria ikaandikwa kwa wino mwekundu: "Fedha ni kile kilichong'atwa na jino la ukoo."

Watu sokoni hawakujishughulisha na sura ya Mfalme. Mafundi wa Nyumba ya Sarafu walikuwa na haraka, na Mfalme mara alitoka amenuna, mara alitoka na jicho moja, na mwaka fulani alitoka anafanana sana na shangazi yake. Mtu akipewa sarafu aliigeuza, akapapasa meno kwa kidole gumba, akatia kibindoni.

Wakati wa hadithi hii Mng'ataji Mkuu alikuwa Mwinyikondo, mtu wa makamo aliyevaa joho la zari na kofia yenye jino la fedha mbele. Alikwenda kazini kwa machela. Wenye adabu walimsalimu kwa kumwonesha meno kidogo, naye aliwajibu kwa kuyaonesha yake yote, juu na chini, na kuyaacha nje kitambo ili waliokuwa mbali nao wafaidi. Kila mtu ana kitu anachokipenda kupita kiasi. Mwinyikondo alikipenda kinywa chake.

Lakini kung'ata fedha kutwa si kung'ata ndizi. Meno yalianza kulegea, kisha yakaanza kuondoka. Moja lilibaki kwenye hindi la kuchoma. Jingine lilitoka katikati ya hotuba ya Mfalme, na Mwinyikondo, kwa heshima, akalimeza. Mwisho akabaki na fizi tupu. Akaacha kucheka hadharani, akawa anajibu mambo yote kwa kutikisa kichwa mdomo umefungwa. Sarafu mpya akaziacha zirundikane, akiashiria kwa mkono kwamba lazima zipoe kwanza. Watu wa Baraza la Mfalme wakasema Mng'ataji amekomaa kwa hekima, wakamwongezea posho.

* * *

Waliojua siri walikuwa wawili: mkewe, Bi Mwanajabu, ambaye ndiye aliyemsagia nyama, na Fundi Jongo, mfua fedha wa mtaa wa chini aliyetengeneza pete na vikuku.

Fundi Jongo alinunua pembe ya kiboko, yaani lile jino lake refu, kwa mkulima mmoja wa bondeni. Kiboko huyo alikuwa ameingia kwenye maboga ya mkulima mara nyingi kuliko subira ya mkulima ilivyoweza kuvumilia, na safari ya mwisho hakutoka. Katika pembe hiyo Fundi Jongo alichonga meno, juu na chini, akayafunga kwa waya wa fedha, akayasugua mpaka yakang'aa. Kisha akayapeleka nyumbani kwa Mwinyikondo mchana mmoja Bi Mwanajabu alipokuwa amekwenda arusini.

Yalipoingia kinywani, Fundi akampa kipande cha bati chembamba.

"Ng'ata, Mwinyi, nione yanavyokaa."

Mwinyikondo alikigeuza kile kipande huku na huku. "Fundi, hiki hakina sura."

"Hakina sura ya nini?"

"Ya Mfalme. Taya langu halijui kufungika sawasawa bila sura ya Mfalme. Sisi katika ukoo wetu tumezoeshwa hivyo tangu utotoni."

"Mwinyi, bati ni bati. Uma tu."

"Siwezi. Nitaling'ata upande."

Fundi Jongo akakirudisha kile kipande mfukoni. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa amekwisha kutumia siku nyingi kwenye yale meno. Akaenda karakana yake, akabana sarafu halisi kwenye udongo wa kufinyanga, akamimina bati, akarudi na kisarafu cha bati chenye Mfalme amenuna vizuri kabisa. Mwinyikondo akakitia kinywani, akafunga macho, akang'ata.

Meno yalikaa. Alama zilitoka chini ya kidevu zimepangana, nzuri kupita zote alizowahi kung'ata ujanani. Mwinyikondo alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena akijitazama kwenye sinia la shaba. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa nyumba yake iliyoungua.

"Hicho kiharibu," alisema Fundi Jongo akiondoka. "Kiyeyushe leo leo."

"Nitakiyeyusha," alisema Mwinyikondo.

Lakini hakuweza. Atakiyeyusha vipi kitu kizuri namna ile? Akakiweka kwenye kibakuli dirishani ili akitazame asubuhi kabla ya kwenda kazini. Na Bi Mwanajabu aliporudi arusini akakuta nyumba haina vitunguu, akachukua sarafu dirishani, akaenda sokoni.

* * *

Muuza vitunguu alikuwa Bi Siwema, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na masikio mazuri. Mteja alipokwisha kuondoka aliiangusha ile sarafu kwenye sahani yake ya kauri, kama alivyofanya kwa kila sarafu, ikatua kimya. Akaiangusha tena.

"Hii ni bati," alisema Bi Siwema, na alisema kwa sauti aliyoizoea ya kuuzia.

Kabla hajamaliza, soko lilikuwa limejaa askari. Kughushi sarafu lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika nchi ile, kubwa kuliko kuua, kwa sababu aliyeuawa hana picha ya Mfalme. Adhabu yake ilikuwa kukatwa mkono wa kulia juu ya gogo la muuza nyama, siku ya gulio, ngoma zikipigwa. Kesi ikapewa Diwani Tambo, Mwendesha Mashtaka wa Dola, mtu mrefu aliyekuwa na kikohozi maalumu cha kuanzia hotuba.

"Ulipewa na nani?" Diwani alimuuliza Bi Siwema.

"Na mke wa mtu mkubwa, mheshimiwa. Alikuja na mwavuli."

"Watu wakubwa hawanunui vitunguu," alisema Diwani Tambo.

"Hununua, mheshimiwa. Na hupunguziwa bei."

Diwani alimwamuru karani asiandike jibu hilo, kwa kuwa halikulingana na swali. Badala yake alituma watu wapekue kila nyumba yenye bati. Kwa Fundi Jongo walikuta bati, wakakuta na udongo uliobanwa, na ndani ya udongo huo Mfalme akiwa amenuna kinyumenyume. Wakamtia pingu. Alipoulizwa alimfanyia nani sarafu ile, Fundi Jongo alinyamaza.

Mwinyikondo aliposikia habari aliita machela yake. Aliingia gerezani kwa kisingizio cha kukagua meno ya wafungwa, jambo ambalo halikuwa kazi yake, lakini katika nchi ile mtu mwenye joho hakuulizwa kazi yake ni ipi.

"Kwa nini husemi?" alimuuliza Fundi Jongo akinong'ona.

"Nitasema nini, Mwinyi? Kwamba nilimchongea Mng'ataji Mkuu meno ya kiboko, akakataa kung'ata kitu kisicho na sura? Watanikata mkono kwa kughushi, kisha watanikata ulimi kwa kumkashifu mkubwa." Aliunyoosha mkono wake wa kulia, mwembamba, wenye kovu jipya kidoleni, mahali tindo ilipoteleza akichonga magego. "Nikisema mimi, hawatasadiki. Ukisema wewe, watasadiki. Kwa hiyo liko kwako. Nami sikulazimishi."

Afadhali angemlazimisha. Mwinyikondo alipanda machela yake, akarudi nyumbani na aibu iliyomkaa kifuani kama ugali wa jana. Akisema, ukoo wake umekwisha: hakuna joho, hakuna posho, na watoto mtaani watamwimba. Asiposema, mkono ule unakatwa. Alimweleza mkewe kila kitu.

"Vitunguu vyenyewe vilikuwa vibovu," alisema Bi Mwanajabu, akaanza kulia. Kisha akajifuta kwa kanga. "Utasema nini, Bwana?"

"Sijui," alisema Mwinyikondo, na ilikuwa kweli.

* * *

Kesi ilingojewa miezi miwili, na muda huo wote Mwinyikondo aling'ata sarafu kazini kwa meno ya kiboko. Siku ya kesi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Tatizo la kwanza lilitokea kabla hata kesi haijaanza. Sarafu ililetwa juu ya mto wa hariri, na sheria ilisema sura ya Mfalme ikiingia watu wote wainame. Lakini ikiwa sarafu ni ya kughushi, anayeiinamia ni haini. Na ikiwa ni halali, asiyeinama ni haini. Hakimu Mkuu alilifikiria jambo hilo akiwa amesimama nusu, amekaa nusu, kisha akaamua kwamba, bila kuathiri hukumu, kila mtu ainame kidogo. Wakainama kidogo. Wazee wawili walikwama katika hali hiyo wakasaidiwa kuketi.

Sarafu ikawekwa kizimbani karibu na Fundi Jongo, ikaulizwa kama inakiri kosa. Ilinyamaza. Ikaulizwa tena kwa upole, kisha kwa ukali. Karani akaandika kwamba mshtakiwa wa pili ni mkaidi.

Diwani Tambo akakohoa kile kikohozi chake.

"Waheshimiwa! Mtu huyu hakughushi bati. Bati ni la nani? Bati ni la Mungu. Hakughushi sura ya Mtukufu Mfalme, maana sura hiyo, kwa utukufu wake, haighushiki. Hata Nyumba ya Sarafu yenyewe hujaribu kila siku ikashindwa." Watu wakapiga makofi, ingawa Mkuu wa Nyumba ya Sarafu alipiga taratibu. "Alichoghushi mtu huyu ni jino! Jino la Dola! Jino lililotulisha, likatuvisha, likatujengea barabara ambayo itaanza kujengwa hivi karibuni! Nitamwita mwenye jino aje aseme kwa kinywa chake: hili si langu. Kisha gogo liletwe."

Gogo lilikuwa limekwisha kuletwa. Lilikuwa mlangoni, limepambwa kwa vitambaa.

Mwinyikondo akaitwa. Alivuka ukumbi na joho lake, watu wakamwonesha meno kwa adabu kutoka kila upande, na kwa mara ya kwanza maishani salamu ile ilimchoma. Alipofika kizimbani akapewa ile sarafu. Aliitambua hata kabla hajaigeuza. Bado ilikuwa nzuri.

"Mng'ataji Mkuu," alisema Diwani Tambo, "itazame Mahakama bila hofu. Je, meno hayo ni yako?"

Neno alilokuwa ameliandaa lilikuwa "hapana." Alikuwa amelifanyia mazoezi ndani ya machela. Ni neno fupi, hata mtu asiye na meno hulitamka vizuri. Akageuza macho kidogo tu, akauona mkono wa Fundi Jongo juu ya ukingo wa kizimba, umetulia, kidole chenye kovu kikigonga mbao polepole, kama mtu anayesubiri kahawa. Mwinyikondo alimpenda mtu yule. Hakuwahi kujiambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Ni yangu," alisema.

Ukumbi ukaguna.

"Una maana gani, ni yako?" aliuliza Diwani.

"Ni yangu kwa maana ya kwamba niliyanunua."

Akaingiza vidole kinywani, akayatoa, akayaweka juu ya mto wa hariri kando ya sarafu. Yalikaa pale yamecheka. Kisha, kwa maneno yaliyokuwa na upepo mwingi, akaeleza yote: fizi, pembe, kipande kisicho na sura, kibakuli cha dirishani. Akasema kosa ni la kiburi chake, na Fundi hakughushi kitu, alimsaidia jirani. Hakujaribu kujitetea. Alipomaliza, lile donge la kifuani lilikuwa limeondoka.

Diwani Tambo hakuwa mtu wa kufadhaika. Aliona wahalifu wawili mahali ambapo asubuhi alikuwa na mmoja, akafurahi waziwazi.

"Kwa hiyo," alisema akipanua mikono, "tangu ulipopoteza meno, Dola imekuwa iking'atiwa na nani?"

"Na kiboko, mheshimiwa."

"Na kiboko! Mmesikia! Si jino la ukoo! Basi kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa kwa wino mwekundu, kila sarafu iliyotoka tangu siku hiyo si fedha! Ni vyuma vitupu!"

Alitulia asubiri makofi. Badala yake, askari mmoja aliyekuwa ameshika bunduki mlangoni akakohoa.

"Samahani, mheshimiwa. Mishahara yetu ni ya sarafu hizo."

Askari wengine wakatazamana, kisha wakazitazama bunduki zao, kama watu wanaozifikiria upya. Mweka Hazina akainuka, akakaa, akainuka tena. Hakimu Mkuu akakumbuka kwamba alikuwa ametoka kuuza shamba la baba yake kwa sarafu mpya tupu, na hata Diwani Tambo, mikono ikiwa bado imepanuliwa, akaikumbuka mahari aliyoipokea ya binti yake. Mahakama ikaahirishwa kwa ajili ya kahawa.

Kahawa ile ilichukua muda. Waliporudi, Hakimu Mkuu alikuwa na uso wa mtu aliyeona mwanga.

"Mahakama imechunguza ukoo wa Wang'ataji," alisema, "na imeridhika kwamba marehemu kiboko alikuwa, bila yeye mwenyewe kujua, mtoto wa ukoo huo. Anaingizwa katika nasaba kuanzia siku aliyozaliwa. Meno yake kwa hiyo ni jino la ukoo, na kila yalichoking'ata ni fedha."

"Hata hiki cha bati?" aliuliza karani, ambaye alikuwa mgeni kazini.

"Kimeng'atwa, hakikung'atwa?"

"Kimeng'atwa, mheshimiwa."

"Basi ni fedha. Na kama ni fedha, hakuna kilichoghushiwa. Mfungueni mtu huyu."

Fundi Jongo akafunguliwa. Jambo la kwanza alilofanya kwa mkono wake ni kujikuna pua, kwa utulivu na kwa muda mrefu, na Mwinyikondo akasahau aibu yake yote, akacheka kwa fizi tupu mbele ya Dola nzima.

* * *

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda mambo ya serikali ikiwa imeogopa. Fuvu la kiboko likazikwa kwa mizinga. Mkulima wa bondeni akashtakiwa kwa kumuua mtumishi mwandamizi, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kutoroka, maboga yake yakafungwa badala yake. Diwani Tambo akapewa nishani kwa kushinda kesi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza alimshinda nani.

Meno yenyewe yakarithi cheo. Yalikwenda kazini kwa machela, juu ya mto, yamefunikwa joho dogo la zari, na watu njiani wakayaonesha meno yao kwa adabu. Lakini meno peke yake hayajifungi. Ilihitajika mkono wa kuyabana kwenye kila sarafu, na mkono uliojua yanavyofungika ulikuwa mmoja tu. Hivyo mkono wa kulia wa Fundi Jongo, uliokuwa ukatwe siku ya gulio, ukavikwa glavu ya hariri na kupewa askari wawili wa kuulinda usijikwaruze.

Bi Siwema alirudishiwa sarafu yake kwa heshima zote. Alisema ni bati. Akaambiwa sheria inasema ni fedha. Akasema sawa, na siku hiyo hiyo akalipia nayo ushuru wa soko, na mtoza ushuru, akiwa mtu wa sheria, akaipokea. Ikaingia Hazina. Ikatoka Hazina na mshahara wa Hakimu Mkuu, na Hakimu Mkuu, ambaye mpishi wake alikuwa mgonjwa, akaja nayo sokoni mwenyewe.

Bi Siwema akaiangusha kwenye sahani, akasikiliza, akamrudishia.

"Hiyo ni fedha safi kabisa, mheshimiwa," alisema kwa adabu. "Vitunguu vyangu ndivyo havijasoma sheria."

Hakimu Mkuu alikula mchuzi usio na vitunguu.

Naye Mwinyikondo alivuliwa joho. Siku za mwanzo hakutoka nje. Aliketi barazani kwa ndani akinywa uji na kuhuzunika, na Bi Mwanajabu akimwambia kwamba angalau sasa anamsikia akicheka. Jioni moja Fundi Jongo akapiga hodi, amevua glavu, amewaacha walinzi wake njiani wakinunua karanga. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Yalikuwa meno, madogo kuliko yale ya kwanza, hayakung'aa sana.

"Kipande cha pembe kilibaki," alisema. "Haya si ya kuonesha watu. Ni ya kulia chakula."

Mwinyikondo akayavaa. Bi Mwanajabu akaleta sahani ya muhogo wa kuchemsha, na Fundi Jongo akachagua kipande, akampa.

"Ng'ata, Mwinyi, nione yanavyokaa. Ila uangalie. Pembe ni ile ile ya kiboko wa ukoo, na kila kinachong'atwa nayo ni fedha."

Mwinyikondo akaugeuza ule muhogo, akatazama upande wa juu, akatazama upande wa chini, kwa mazoea. Hapakuwa na sura ya mtu. Akang'ata, na taya likafungika sawasawa. Akatafuna, akameza, akachukua kipande kingine, akaula muhogo wote upesi upesi kabla Hazina haijapata habari.